Barafu ya Shangazi

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba Baba ameanza kupata nafuu tangu kiharusi kilipompiga. Mwambie nimefika salama. Nimepewa chumba nyuma ya zahanati, kina madirisha mawili na mlango ambao haufungi mpaka uuinue kwa bega. Mwambie pia nakula. Najua ndilo atakalouliza kwanza, maneno yakimrudia.

Simu haishiki huku. Barua zitakuja kwako na dereva wa lori la matofali, ambaye watu wanamwita Breki kwa sababu lori lake halina. Huja mjini mara moja kila wiki mbili, matope yakimruhusu.

Kazi yenyewe iko kwenye matanuri ya matofali, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka hapa. Matanuri ni matano. Watu wake wametoka kila upande, wanalala katika vibanda walivyojenga kwa matofali yaliyoungua vibaya, na hawamo katika daftari la kijiji chochote. Kwa hiyo hapakuwa na mtu aliyepangiwa kuwahudumia hadi nilipoletwa mimi. Wanawake wanakanyaga udongo na kubeba matofali hadi siku ya uchungu. Wanajifungulia hapo hapo, na kitovu kinakatwa kwa waya wa kukatia udongo. Mwezi uliopita walizika watoto wawili. Siku ya sita au ya saba mtoto anaacha kunyonya, mdomo unakaza, kisha mgongo unapinda. Wao wanauita ugonjwa wa kukaza. Wewe huhitaji kuelezwa kwamba ni pepopunda, wala kwamba mama akichomwa sindano mbili kabla ya kujifungua, mtoto anazaliwa akiwa na kinga.

Chanjo ninayo. Jokofu ninalo, jipya, la nguvu ya jua, na sehemu yake ya juu inagandisha kweli kweli. Ninachokosa ni muda. Chuoni tulifundishwa kwamba pakiti za barafu zikitoka kwenye jokofu ziwekwe mezani kwanza zilegee, hadi ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndipo uzipange pamoja na vichupa katika sanduku la baridi. Tuliambiwa ndivyo inavyotakiwa. Mtihani haukuuliza sababu. Hiyo ni saa nzima na zaidi. Nikifika, wanawake wameshaingia kwenye udongo na nyapara hataki mtu asimame. Jana aliniambia, "Sista, hapa tunachoma matofali, hatuchomi watu."

Wewe ulizunguka vijijini miaka thelathini na moja. Ulifanyaje?

Binti yako.


19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 16 ikiwa na alama ya kidole chenye grisi. Mwambie huyo Breki anawe mikono kabla ya kushika karatasi za watu. Baba yako anaendelea. Mkono wa kulia bado umelala, lakini juzi alimfukuza kuku wa jirani kwa mguu, nami nilimwacha afurahie ushindi wake. Ameuliza kama unakula. Hakutumia maneno, alionyesha mdomo, kisha akaonyesha upande uliokwenda.

Sasa kazi. Nilisoma habari ya kungoja barafu ilegee, nikairudia mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Barafu inayocheza maji ni barafu inayokufa. Sisi tulizitoa pakiti zikiwa ngumu kama jiwe, tukazipanga papo hapo, tukafunga mfuniko na kuondoka. Ndiyo sababu chanjo yangu ilifika ikiwa baridi hadi kijiji cha mwisho, siku ya pili ya safari, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kurudisha kichupa kilichopata joto. Walimu wenu wanafundisha wakiwa chini ya feni. Hawajui jua.

Ondoka saa kumi na moja alfajiri. Utawakuta kabla nyapara hajaamka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe miguu yako unaihitaji.

La pili. Usifike na kusimama pembeni umekumbatia daftari kama karani wa mahakama. Siku ya kwanza usifungue hata sanduku. Beba matofali. Mtu hakupi mkono wake umchome kama hajauona mkono wako ukifanya kazi.

Shangazi yako.


2 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimecheka habari ya kuku hadi mhudumu wa zahanati akaja kuchungulia. Mwambie Baba kuku wa jirani asimwachie hata siku moja.

Nilifanya ulivyosema. Natoka alfajiri, nafika wanapochemsha chai. Siku ya kwanza nilibeba matofali, manne manne. Wao wanabeba kumi na mawili. Kuna mmoja anaitwa Kicheko, kwa kuwa hucheka hata akikanyaga kaa la moto. Alinitazama nikipita akasema, "Sista, kwa mwendo huo tutamaliza nyumba moja, ya kuku."

Siku ya pili ndiye aliyekaa mbele yangu wa kwanza. Mimba yake ilikuwa ya miezi sita hivi.

"Inauma?"

"Kidogo."

"Kama ni kidogo, mbona umeamka nayo usiku usiku kuikimbiza huku?"

Nikamwambia haimkingi yeye tu, inamkinga na wa tumboni katika siku zake za kwanza. Akaacha kucheka.

"Niapie."

"Ni dawa, dada. Haihitaji kiapo."

"Wewe umezika wangapi? Mimi wawili. Niapie."

Nikamwapia. Wengine walikuwa wamesimama nyuma yake wakisikiliza, na baada ya hapo walikuja wenyewe. Hadi leo wanawake hamsini na wanane wamekwisha kuchomwa sindano zote mbili. Nimewagawia pia wembe mpya na uzi safi, kila mjamzito na wake.

Jambo moja dogo. Mara kadhaa nimekuta vichupa vilivyogusana na pakiti vimeshika barafu ndani. Nilivishika kiganjani hadi vikayeyuka, nikaendelea. Nadhani si kitu. Uliwahi kuona hivyo?

Binti yako.


18 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ametamka neno "chumvi", na lilikuwa malalamiko. Nimelipokea kwa furaha.

Barua yako niliwasomea wauguzi wenzangu wastaafu tulipokutana Jumapili. Hamsini na wanane, sindano zote mbili, katika mahali pasipo hata daftari. Hata yule aliyekuwa mkuu wa wodi, ambaye hajawahi kumsifu mtu tangu nimjue, alitikisa kichwa kukubali. Marehemu mama yako angekuwepo, angelia.

Kuhusu vichupa, umefanya vyema kuviyeyusha. Baridi haijawahi kuharibu chanjo. Kinachoiharibu ni joto. Endelea.

Shangazi yako.


27 Juni

Mwanangu,

Wiki kumi sasa. Breki anasema hukumpa barua safari ya mwisho, wala iliyotangulia, wala ile ya kabla yake. Nilimuuliza kama u mgonjwa. Akasema, "Sista anatembea." Hilo si jibu. Ng'ombe naye anatembea.

Baba yako anasimama mwenyewe kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Kila lori likipita anatazama mlango.

Andika, hata mstari mmoja.

Shangazi yako.


11 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Nafurahi kwamba Baba anasimama.

Tuna msiba. Tangu Mei wamezaliwa watoto wanane kwenye matanuri. Watatu wamekufa kwa pepopunda. Mama zao wote watatu niliwachoma mimi, mara mbili mbili.

Wa tatu ni wa Kicheko. Alizaliwa tarehe 9 Juni, mvulana. Wembe ulikuwa kibandani, lakini uchungu ulimshika akiwa ndani ya shimo la udongo, na waliokuwa karibu walikuwa na waya. Sikuogopa sana niliposikia. Nilijiambia, ana chanjo huyu. Siku ya sita waliniita. Mtoto alikuwa amekaza. Ukimgusa anapinda, mtu akikohoa nje anapinda. Lori lilikuwa limekwama mtoni. Tuliziba mwanga wote kibandani kwa magunia, tukakaa siku mbili tukinong'ona, hadi alipokufa.

Kicheko hakulia. Aliniuliza swali moja. Sitaliandika leo.

Mratibu wa chanjo alikuja kutoka mjini. Alichukua vichupa viwili, akavitikisa, akaviweka juu ya meza, akavitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza ninapangaje barafu. Nikamweleza. Akaniuliza nani alinifundisha hivyo. Nikamwambia niliona mwenyewe kwamba ni vyema.

Usinijibu haraka.

Binti yako.


25 Julai

Mwanangu,

Pole. Poleni nyote. Baba yako nimemwambia una kazi nyingi tu.

Nimesoma barua yako kwa makini, na naona unajibebesha mzigo usio wako. Umetoa wembe, wakatumia waya. Umewafundisha, hawakusikia. Waya uliopita kwenye udongo ambamo punda wanakunya ukikata kitovu, unategemea nini? Katika vijiji vyangu pia watoto walikufa, na hakuna aliyetikisa vichupa vyangu mezani kama mpiga ramli. Huyo mratibu namfahamu. Alikuja kwetu kujifunza akiwa hajui kufunga bendeji. Leo amepata meza, anatafuta wa kumlaumu.

Naona pia kwamba sindano mbili zikifuatana kwa karibu mno hazishiki vizuri. Huenda ulihesabu siku vibaya. Angalia daftari lako.

Unasema umemwambia uliona mwenyewe. Je, kuna mahali popote ulipoandika jina langu?

Shangazi yako.


13 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni salama.

Daftari nimeliangalia. Siku ni sahihi, zote.

Jina lako sijaliandika popote.

Alichonieleza mratibu ni hiki, nami nakuandikia kama alivyokisema. Chanjo ya surua ikiganda, haidhuriki. Ya pepopunda si hivyo. Ikiganda hata mara moja, dawa iliyomo inajishika vipande vipande, na hata ukiiyeyusha hairudi kuwa ilivyokuwa. Ukiitazama kwa haraka huoni tofauti. Pakiti zangu zilikuwa zimeganda mno kwa sababu jokofu hili lina nguvu. Vichupa vilivyozigusa viliganda njiani, katika ubaridi wa alfajiri. Kulegeza pakiti kulikuwa na sababu hiyo tu. Kisha akaniambia kwamba kwa mwendo wa saa mbili sikuhitaji barafu hata kidogo. Pakiti za maji baridi, yasiyoganda, zingetosha. Ningezilaza kwenye jokofu, nikaamka saa kumi na moja, nikaondoka.

Sijui nilichoma vichupa vingapi vizima na vingapi vilivyokufa. Hakuna anayeweza kujua. Kwa hiyo wanawake wote hamsini na wanane wanatakiwa kuchomwa upya. Kumi na mmoja kati yao ni wajawazito.

Nimepewa onyo la maandishi. Halinisumbui. Kinachonisumbua ni maagizo yaliyofuata. Mratibu amesema nisiwaeleze sababu. Niwaambie ni sindano ya nyongeza, kila mtu anapata, basi. Anasema nikiwaambia kweli watakataa, na watoto kumi na mmoja watazaliwa bila kinga kwa ajili ya kusafisha roho yangu. Huenda ana haki. Nimekaa na jambo hili siku tisa.

Swali alilouliza Kicheko ni hili: "Uliniapia nini?" Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu aliyesahau, anayetaka kukumbushwa. Sijamjibu. Kila asubuhi ananipisha njia akiwa na matofali kichwani.

Nifanyeje? Safari hii nataka unijibu kama hujui, useme hujui.

Binti yako.


6 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako ni mzima. Yaliyobaki ni mabaya.

Nilikwenda ofisini kwa mratibu. Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa kwa muda wa saa tatu, na ilikuwa halali yangu. Nikamwambia, "Nionyeshe." Alichukua kichupa kizima, na kingine alichokigandisha akakiyeyusha. Akavitikisa vyote viwili, akaviweka mezani. Kimoja kilibaki na weupe wake, kama maji ya mchele. Kingine kilianza kutua. Chembe nyeupe zilishuka chini, na juu pakabaki maji matupu. Nikatazama hadi chai aliyonipa ikapoa.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jokofu langu lilikuwa la mafuta ya taa. Siku njema lilitoa barafu laini kama sabuni iliyolowa, na nusu ya siku lilikuwa limezima. Pakiti zangu hazikuwahi kuwa ngumu. Nilikuandikia "ngumu kama jiwe" kwa sababu ndivyo ninavyopenda kuzikumbuka. Kuganda kwa kichupa sijawahi kukuona maishani mwangu, kwa kuwa sikuwa na uwezo wa kukigandisha. Uliponiuliza mwezi wa Aprili, jibu la kweli lilikuwa "sijui". Ungeuliza kwingine, ungewachoma upya mapema, na mtoto wa Kicheko, aliyezaliwa Juni, angezaliwa na kinga. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto. Hatuwaambii kwamba kujibu ndiko kunakoweza kuwa ujinga.

Tena nilikuuliza habari ya jina langu. Ilhali watoto watatu wako ardhini, mimi niliulizia jina langu. Sitaki unijibu juu ya hilo.

Mratibu nimemwandikia kwamba shauri lilikuwa langu. Barua imo katika faili lako.

Unauliza ufanyeje. Waambie kweli. Nimefikiri juu ya wale kumi na mmoja, na sina hakika. Lakini ukiwadanganya leo, kuna siku watajua, na siku hiyo hawatakataa sindano tu. Watakukataa wewe na kila atakayekuja baada yako akiwa na sanduku mkononi. Mficha uchi hazai. Chini nimeandika maneno ya kuwasomea.

Shangazi yako.

*Kwa akina mama wa matanuri. Mimi ni muuguzi mstaafu, shangazi yake huyu anayewasomea. Dawa mliyochomwa iliharibika kwa baridi njiani. Yeye alifundishwa vizuri; mimi nikamwambia aache alivyofundishwa, akanitii kwa kuwa mimi ni mkubwa wake. Nilisema neno nisilolijua. Watoto wenu watatu hawakufa kwa uzembe wenu. Nawaomba mchomwe tena, kwa dawa nzima. Sina cha kuwafidia.*


1 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Asante kwa barua yako.

Niliwasomea wakiwa wamekaa juu ya matofali mabichi, wakati wa chai. Nilisoma yote, kisha nikaongeza kwamba mkono uliochoma ulikuwa wangu, na kwamba niliona barafu ndani ya kichupa nikaendelea kuchoma. Nyapara mwenyewe alisimama akasahau kutufukuza.

Kicheko ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo sisi tunaoungua kwenye moto kila siku, watoto wetu wameuawa na barafu."

"Ndiyo."

"Huyo bibi ana umri gani?"

"Sabini na mbili."

"Anatembea?"

"Anatembea."

"Kosa alilituma kwa barua. Pole naye anaituma kwa barua. Mwambie lori lina viti viwili."

Kisha akawageukia wenzake. "Mimi siwaambii mumwamini. Nawaambia mchomwe. Mkitaka kumtukana, mtukaneni mkiwa mmeshachomwa." Baadhi walitii maneno yote mawili.

Hadi mwisho wa wiki ile, wajawazito tisa kati ya kumi na mmoja walikuwa wamepata sindano ya kwanza, na wengi wa wale wengine. Mjamzito wa kumi ameondoka na mumewe, hatujui walikokwenda. Wa kumi na moja ni mke wa mchoma tanuri, yule mtu anayelisha moto kuni. Mimba yake ndiyo kubwa kuliko zote. Nimekwenda kwake mara nne. Mara ya mwisho alisema, "Ya kwanza ilikuwa maji. Ya pili ilikuwa maji. Hii ya tatu ni nini, Sista, soda?" Akafunga mlango wa bati taratibu, bila hasira, na hilo lilinivunja moyo zaidi.

Nimefikiri labda angemsikiliza mtu mzima aliyekuja mwenyewe. Baba anaweza kukaa na jirani siku tatu. Njoo, Shangazi. Breki amesema kiti cha mbele ni chako, na atanawa mikono.

Binti yako.


17 Oktoba

Mwanangu,

Marahaba. Baba yako alianguka bafuni siku ya Jumanne. Hakuumia, ila sasa hataki niondoke machoni pake. Mvua nazo zimeanza, na magoti yangu unayajua. Lori lile lisilo na breki kwa umri huu si safari ya mchezo. Jirani naye ana wageni.

Nimemwandikia mke wa mchoma tanuri barua yake peke yake, kurasa mbili. Nimeeleza kila kitu kwa lugha nyepesi. Msomee polepole.

Shangazi yako.


1 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Barua ya kurasa mbili niliipeleka. Mke wa mchoma tanuri aliniuliza kama wewe umekuja nayo. Nikasema hapana. Akairudisha ikiwa imekunjwa.

Alijifungua tarehe 29 Oktoba, kabla ya siku zake, katika banda la kukaushia. Ni msichana, mdogo, mwenye sauti. Nilipofika kitovu kilikuwa kimekatwa tayari. Sikuuliza kwa nini. Waya ulikuwa bado unaning'inia pale. Nilikisafisha kadiri ya uwezo wangu. Dawa ya kinga ya kumchoma mtoto mwenyewe haipo zahanati. Niliiagiza mjini kwa Breki siku ile ile, jana akarudi na jibu la bohari: wiki ijayo. Mama sasa amekubali sindano, lakini kwa mtoto huyu ya leo imechelewa.

Nimehamia kibandani kwa Kicheko, ili niwe karibu. Alinionyesha mahali pa kulala kwa kidole tu. Naandika barua hii kidogo kidogo, Breki hajaondoka tena.

Leo ni siku ya nne. Ananyonya.

2 Novemba. Siku ya tano. Ananyonya vizuri. Mama yake ameniuliza, "Mpaka siku ya ngapi?" Nikamwambia zikipita siku kumi na nne. Anahesabu kwa vipande vya tofali mlangoni.

3 Novemba. Siku ya sita. Ananyonya. Kicheko alimpakata wakati mama anaoga. Kumbe anajua kuimba.

4 Novemba, asubuhi. Ananyonya, ila anachoka upesi. Nasema ni udogo wake.

4 Novemba, saa nane mchana. Ameacha. Nimejaribu kidole kinywani, taya linakataa. Mlango wa bati uligonga, akapinda.

Breki amemwaga matofali yote barabarani ili lori liwe jepesi. Tumetandika nyasi, tumeziba mwanga kwa magunia. Mama amepanda na mtoto, mimi napanda nao, na Kicheko amepanda bila kuulizwa na mtu. Barua hii namwachia Breki mfukoni. Nyumba yako iko njiani kuelekea hospitali, ataitupa mlangoni, hatutasimama. Sijui kama tutafika naye akiwa hai.

Mama yake ameniuliza tena kama yule bibi wa barua anaishi mji huo. Nimesema ndiyo.

Tutakuwa wodi ya watoto. Safari hii usiniandikie. Njoo.